Gia ya tano kwenye Hilux ya zamani

SWALI: Mzee wangu, shikamoo. Nina pikapu Toyota Hilux ya zamani, dizeli, injini ya L ya lita 2.2, gia nne. Nabeba maembe kutoka Marafa hadi soko la Kongowea. Barabara ikishanyooka injini inalia mpaka mimi na utingo hatusikilizani. Kuna mtu hapa Malindi anauza giaboksi ya gia tano, anasema itaingia bila shida. Ninunue? Na itanipa nguvu ya kupanda na mzigo?
Dereva wa Marafa

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linalowatia watu hasara. Gia ya tano haiongezi nguvu hata chembe. Kazi yake ni kuipumzisha injini. Kwenye gia ya nne propela, ile shafti ndefu inayopeleka mzunguko magurudumu ya nyuma, inazunguka sawa na injini. Kwenye ya tano ya pikapu kama yako, injini huzunguka kama mara 0.85 tu kwa kila mzunguko wa propela. Injini iliyokuwa kwenye 3,000 kwa dakika itashuka hadi kama 2,550, na mwendo ni uleule. Utasikilizana na utingo, na dizeli itapungua kidogo. Lakini kilima na maembe utapanda kwa gia za chini kama ulivyozoea, na ukilazimisha ya tano gari likiwa limejaa na mwendo umeshuka, utaiumiza injini bure.

Sasa hiyo giaboksi. Usitoe hata shilingi kabla hujajua imetoka gari gani. Inayokufaa ni ya Hilux ya dizeli yenye injini ya jamii hiyohiyo, L, 2L au 3L, tena inayosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu. Ya petroli ganda lake la klachi halikai kwenye injini yako. Ya four-wheel mkia wake umeundwa kubeba giaboksi ya pili, si kupokea propela yako.

Ukiikuta ndiyo, mwambie muuzaji aimwage oili juu ya kitambaa cheupe, juani. Vumbi laini la rangi ya dhahabu kidogo ni ringi za shaba zinazolika, jambo la kawaida kwa kitu kilichotumika. Ukiona vipande vya chuma vinavyokwaruza kidole, mshukuru uende zako. Kisha chomeka kichwa cha propela nyuma, weka alama ya chaki, tia gia ya tano na uzungushe shafti ya mbele kwa mkono mzunguko mmoja kamili. Alama ya nyuma lazima irudi ilipoanza na ipite mbele kidogo, kama sehemu ya sita ya duara. Isipopita, hiyo si ya tano au humo ndani kuna mkono wa mtu.

Chukua seti nzima: ganda lake, mkono wa gia, mauntini (raba za kuishikilia) na propela. Diski ya klachi ijaribu kwenye meno ya shafti mpya, iteleze bila kugoma na bila kucheza. Beringi ndogo iliyo nyuma ya kranki weka mpya. Ni kitu kidogo, lakini ikilia baadaye utashusha giaboksi yote upya.

Urefu ndio utakaokusumbua. Laza giaboksi zote mbili chini, ubavu kwa ubavu, upime kutoka uso wa ganda hadi mkiani. Ikizidi, propela inakwenda kukatwa kwa fundi wa kukereza, na isawazishwe hapohapo, la sivyo itatetemesha gari zima. Gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake, kichwa cha propela kibaki na nafasi ya kama sentimita 2 za kuingia, maana springi zikibonyea kwenye mashimo kinarudi mbele. Kisipopata pa kwenda, kinapiga giaboksi.

Ubao wa chuma unaoshika giaboksi usogezwe nyuma na ufungwe kwa bolti. Nimeona watu wakiiacha ining'inie kwenye injini. Hapana, mwanangu, usimruhusu fundi yeyote akufanyie hivyo.

Oili tia ya giaboksi ya daraja la GL-4, uzito wa 80W-90 unatosha. Swichi ya taa za rivasi na kebo ya spidi ziunganishwe kabla gari halijashuka kwenye jeki. Likishashuka, liendeshe tupu hadi Gede na kurudi, kaza upya nati za propela, uchungulie kama kuna oili inayovuja. Maembe baadaye.