Rozimari Haitolewi kwa Moto

Msomaji wa Kasarani anayetengeneza mafuta ya nywele ameniandikia. Alichemsha majani mabichi ya rozimari kwenye mafuta ya nazi, akazidisha moto hadi yakawa meusi, na bado mafuta hayanukii. Baadaye yakaota ukungu. Dada, hukupungukiwa na moto. Moto ulizidi, na maji pia yalizidi.

Kila kilichomo ndani ya jani kina kiowevu chake kinachokiyeyusha. Rangi nyekundu ya maua ya rozela hutoka kwa maji matupu, tena upesi. Ukitia ndimu inakolea, ukitia magadi inageuka, kwa hiyo usiitegemee ndani ya sabuni. Bizari ya manjano ni kinyume chake: rangi yake haiyeyuki kwenye maji. Ile unayoiona kwenye sufuria ni unga unaoelea, na ukiiacha usiku kucha itatua chini. Hiyo hutolewa kwa alkoholi, na kwa kiasi kidogo kwa mafuta. Harufu ya rozimari nayo hukubali mafuta vizuri, kwa hivyo hapo ulichagua sawa.

Kosa lilianzia kwenye majani. Jani bichi ni maji zaidi ya nusu ya uzito wake, na maji hayo yakibaki chini ya mafuta, ukungu na vijidudu vina makao. Kausha kivulini penye hewa hadi jani livunjike kwa mlio ukilikunja. Wakati wa baridi ya Julai, Nairobi haikaushi kitu kwa haraka. Tumia oveni ya joto la nyuzi 40, mlango ukiwa wazi kidogo. Kisha vunjavunja vipande vya milimita 2 au 3. Usisage ukawa unga: unga hufyonza mafuta yako mengi na kupenya kitambaa cha kuchujia.

Sasa pima kwa mizani, si kwa kikombe. Gramu 100 za majani makavu kwa gramu 500 za mafuta. Weka bakuli juu ya sufuria ya maji, wala usiweke mafuta kwenye moto moja kwa moja. Hapa Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, lakini hata hizo ni nyingi mno. Shikilia 50 hadi 60 kwa saa tatu, ukiangalia kipimajoto. Harufu inayojaza jikoni ndiyo ambayo haimo tena kwenye chupa.

Mafuta yakitoka hafifu, kuongeza saa hakusaidii, maana mafuta na majani yameshafikia usawa na hakuna kinachohama tena. Chuja, kisha tia majani mapya makavu kwenye mafuta yaleyale. Ukitaka kukamua majani yaleyale hadi mwisho, fanya kinyume: gawanya kiowevu mafungu matatu, utie moja moja na kuchuja kila mara. Kama fungu moja hutoa nusu ya kilichobaki, baada ya matatu inabaki sehemu moja ya nane. Ukiyamwaga yote kwa pamoja, inabaki robo. Kiowevu ni kilekile, gharama ni ileile! Watu hupoteza pesa hapa kila siku kwa kukosa subira.

Wanaotumia alkoholi, msiguse ile spiriti ya zambarau ya dukani: huwa ina methanoli, ambayo ni sumu. Wala msipashe alkoholi yoyote karibu na gesi. Lowekeni majani humo ikiwa baridi, chupa imefungwa.

Ukishachuja, acha mafuta yatulie siku nzima. Ukiona tabaka au matone chini, mimina ya juu taratibu na uache ya chini. Vitamini E, gramu 2 au 3 kwa nusu kilo, huchelewesha mafuta kuvunda, lakini haizuii ukungu. Anayekuambia ni kihifadhi anakudanganya. Tia kwenye chupa kavu kabisa ya kahawia.

Na kwenye lebo andika mafuta yaliyolowekwa rozimari. Mafuta ya harufu yenyewe hutolewa kwa mvuke, na kilo nzima ya majani makavu hutoa mililita 10 hadi 20 tu. Mnunuzi anayelipia hayo asiuziwe haya.