Fleti nane, maegesho manne: twende mkutanoni na hoja gani?

SWALI: Mwanangu, mimi ni mstaafu, naishi Kijitonyama tangu mtaa wetu ukiwa na nyumba za chini tupu. Nyuma ya kwangu kuna kijana amenunua kiwanja cha mita za mraba 600 na ameomba kibali cha kujenga fleti nane, chini na ghorofa mbili. Mchoro unaonyesha maegesho ya magari manne tu. Barabara yetu ni ya vumbi, upana wake mita sita. Tumeitwa kwenye mkutano wa mtaa na wengi wanasema aweke maegesho manane au asijenge kabisa. Tuko sahihi?

JIBU: Shikamoo mama. Hofu yenu ina msingi, ila dai hilo la maegesho manane naliogopa kwa niaba yenu.

Gari moja linalala kwenye mita 2.5 kwa 5. Ili liingie na kutoka linahitaji kama mita sita za kugeuzia, ndiyo maana tukipanga tunahesabu takriban mita za mraba 25 kwa kila gari. Manane yatakula mita 200. Tuseme jengo lenyewe linakaa kwenye mita 240. Hapo mita 440 kati ya 600 zimeshazibwa kwa zege na pevingi. Ikinyesha mvua ya milimita 50, na masika mnaziona siku za namna hiyo, eneo hilo litapokea lita 22,000. Hayo ni maboza mawili ya lita 10,000 na ziada, maji ambayo leo mengi yake yananywewa na udongo. Mama, kiwanja chako kiko chini ya chake au juu? Kama kiko chini, mnadai maji yaje uani kwako.

Kabla ya mkutano, watumeni vijana saa nne usiku, siku mbili tatu, wahesabu magari yaliyolala kwenye majengo mengine ya fleti hapo hapo mtaani, ndani ya geti na nje, kisha wagawanye kwa fleti zenye wapangaji. Mkipata gari moja kwa kila fleti mbili, manne yanamtosha. Mkipata gari moja kwa kila fleti, mna ushahidi wa kumbana, naye atafute njia, hata ya kupunguza fleti. Idadi ya maegesho si amri iliyoshuka mbinguni. Mji wa Buffalo kule Marekani ulifuta sharti la idadi ya chini mwaka 2017. La kuuliza ni magari yatakayozidi yatalala wapi, na kwenye barabara ya mita sita, likilala moja kila upande, gari la zimamoto halipiti.

Ujazo wa watu utakaowaumiza zaidi ni ule unaoishia shimoni. Kijitonyama ilipimwa miaka ya 1970 chini ya mradi wa viwanja na huduma, kwa nyumba za familia. Fleti nane zenye watu wanne wanne ni watu 32. Kila mmoja akitumia lita 100 kwa siku, ni lita 3,200 za maji taka. Kama hakuna bomba la maji taka mtaani, muulizeni shimo lina ukubwa gani, liko umbali gani na ukuta wenu, na masika maji ya ardhini yakipanda litanyonya vipi. Likishindwa kunyonya, gari la lita 5,000 litajazwa kwa siku moja na nusu, na likija kunyonya litasimama katikati ya barabara yenu hiyo hiyo.

Na maegesho manne yaliyo kwenye karatasi yapimeni pia. Niliwahi kwenda Sinza na futi yangu kukagua jengo lenye maegesho sita kwenye mchoro. Moja lilikuwa juu ya mfuniko wa shimo. Jingine lilibanwa na nguzo ya ngazi kiasi kwamba dereva asingeweza kufungua mlango. Yalibaki manne, na mawili kati ya hayo gari la mbele halitoki mpaka la nyuma liondolewe. Jengo lilikuwa limeshapauliwa.

Ombeni pia kuona hati yake inataja matumizi gani. Kama ni nyumba ya familia moja, Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inamtaka aombe kwanza mabadiliko ya matumizi, na hapo majirani mna nafasi ya kusikilizwa.

Hoja ya "wapangaji ni wengi" iacheni; watu wanahitaji pa kuishi na Dar es Salaam haiwezi kutanuka mpaka Chalinze. Andikeni barua kwa Mkurugenzi wa Manispaa, nakala kwa Afisa Mipango Miji na mwenyekiti wa mtaa, mkiomba mambo matatu yawe masharti ya kibali: shimo la ukubwa unaotosha, maji ya mvua yabaki ndani ya kiwanja chake, na magari yatoke getini kwa mbele, yasirudi nyuma barabarani ambako watoto wanapita kwenda shule. Mkipata nakala ya mchoro nitumie, mama, nitaupima kwa skeli kabla ya siku ya mkutano.