Maswali ya Wasomaji: Watunzi wa Muziki Waliobaki Kivulini mwa Waongozaji

SWALI: Mhariri, kila ninaposoma makala kuhusu muziki wa filamu nakutana na majina yale yale, ya mwongozaji na mtunzi wake: Hitchcock na Herrmann, Leone na Morricone, Fellini na Rota, Spielberg na Williams. Siwabezi hata kidogo, lakini sinema ina zaidi ya miaka mia moja na siamini kwamba imezaa jozi nne tu. Ni nani wengine waliofanya kazi pamoja kwa miaka mingi bila kutajwa?
Msomaji mpenda sinema

JIBU: Jozi ulizozitaja hazikupata sifa bure. Hata hivyo, zinajulikana zaidi kwa sababu muziki wake unaweza kutoka nje ya filamu: hupigwa kwenye matamasha, hutumiwa kwenye matangazo, na hata mtu ambaye hajaiona filamu yenyewe anaweza kuupiga mluzi. Muziki ulioshonwa ndani ya picha kiasi kwamba hauwezi kuchomolewa hauna bahati hiyo, na watunzi wake husahaulika kirahisi.

Wa kwanza katika hao, kwa maoni yangu, ni Fumio Hayasaka. Jina la Akira Kurosawa, mwongozaji wa Japani, linajulikana kila mahali inapozungumzwa sinema, lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba kuanzia mwaka 1948 hadi 1955 Hayasaka alikuwa mtunzi wake katika filamu nyingi zilizomjengea jina, zikiwamo "Rashomon" ya mwaka 1950, "Ikiru" ya mwaka 1952 na "Shichinin no Samurai" ya mwaka 1954, ile inayohusu samurai saba. Walianza na "Yoidore Tenshi", hadithi ya daktari mlevi na jambazi mwenye kifua kikuu. Kurosawa ameeleza katika tawasifu yake kwamba alipopata habari za kifo cha baba yake alikuwa akitembea mitaani, na kutoka kwenye kipaza sauti akasikia muziki mwepesi wa dansi unaoiga mlio wa ndege; uchangamfu wa muziki ule ukaifanya huzuni yake iwe nzito zaidi. Akaomba muziki uleule utumike katika onyesho ambalo jambazi, mgonjwa na aliyeachwa na wenzake, anapita sokoni peke yake. Mtunzi mwingine katika nafasi yake angeweza kuona kwamba ananyimwa kazi, lakini Hayasaka aliliunga mkono wazo hilo mara moja.

Tangu hapo wawili hao walifanya utaratibu wa kuweka sauti inayopingana na picha. Katika "Nora Inu" ya mwaka 1949, askari kanzu na mhalifu wanapokabiliana mwishoni, kinachosikika ni mtu anayejifunza piano katika nyumba ya jirani. Risasi inalia, mpiga piano anasita, anachungulia dirishani, kisha anaendelea na zoezi lake. Sijui onyesho la mapambano linalotisha kuliko hilo, na halina hata ngoma moja. Si kila walichokigusa kilifanikiwa, kwa kuwa mdundo wa "Rashomon" unaofuata mfano wa "Boléro", utungo maarufu wa okestra wa Mfaransa Ravel, ambao Kurosawa mwenyewe aliutaka, unaonekana kwangu kuwa vazi la kuazima. Lakini ushirikiano wao ulifika mahali ambapo mtunzi alichangia hata wazo la filamu. Hayasaka alikuwa akiugua kifua kikuu, na mazungumzo yake na Kurosawa juu ya kufanya kazi huku kifo kikiwa kinakukodolea macho, katika miaka ya majaribio ya mabomu ya nyuklia, ndiyo yaliyozaa filamu ya mwaka 1955 kuhusu mzee anayeogopa bomu la atomiki. Alifariki dunia Oktoba mwaka huo kabla ya kuikamilisha kazi hiyo, akiwa na umri wa miaka 41, na mwanafunzi wake Masaru Sato akaimalizia. Sato naye aliendelea na Kurosawa kwa miaka kumi iliyofuata, na yeye pia hatajwi.

SWALI: Nimewahi kuambiwa kwamba muziki mzuri wa filamu ni ule ambao mtazamaji hausikii. Je, jambo hili ni kweli, na kama ni kweli, tutawezaje kuwasifu watunzi ambao kazi yao ni kutosikika?
Msomaji mwenye shaka

JIBU: Kauli hiyo hurudiwa sana na, kwa kweli, naiona kuwa ya uvivu. Zipo filamu ambazo muziki unasikika waziwazi, lakini mtazamaji hawezi kusema mpaka uko wapi kati ya muziki na sauti za ulimwengu unaoonyeshwa, na hilo ni jambo tofauti kabisa na kutosikika.

Mfano ulio bora ni Toru Takemitsu, ambaye katika ujana wake alimsaidia Hayasaka na mwaka 1957 alitunga rekwiemu, yaani muziki wa maombolezo, ya ala za nyuzi kwa kumkumbuka. Kati ya mwaka 1962 na 1968 aliungana na mwongozaji Hiroshi Teshigahara na mwandishi Kobo Abe katika filamu nne. Iliyo maarufu kati yake ni "Suna no Onna" ya mwaka 1964, inayosimulia habari za mtu aliyenaswa ndani ya shimo la mchanga pamoja na mwanamke anayeishi humo. Nyuzi za Takemitsu huteleza na kukwaruza pamoja na mchanga unaoporomoka, hata mtazamaji anahisi kwamba ni mchanga wenyewe unaolia. Alipofanya kazi na mwongozaji Masaki Kobayashi katika "Kwaidan", filamu ya hadithi za mizimu, alitumia milio ya mbao zinazopasuka mahali ambapo mtunzi mwingine angeleta okestra nzima.

Kule Urusi, mwongozaji Andrei Tarkovsky alikuwa na mtazamo mkali zaidi. Eduard Artemyev, aliyemtungia muziki wa "Solaris" mwaka 1972, "Zerkalo" mwaka 1975 na "Stalker" mwaka 1979, alisimulia kwamba mwongozaji huyo alimweleza wazi kuwa hakuhitaji muziki kama unavyoeleweka kwa kawaida, bali alihitaji sikio la mtunzi la kupanga sauti. Kwa "Solaris" Artemyev alitumia ANS, mtambo uliobuniwa na Yevgeny Murzin, ambao sauti zake huchorwa juu ya kioo. Katika "Stalker" kuna safari ndefu ya kitoroli cha reli, ambapo mgongano wa magurudumu na reli hugeuka kidogo kidogo kuwa muziki wa kielektroniki, na ukijaribu kuonyesha ni sekunde gani umegeuka, utashindwa. Tarkovsky alipoondoka Umoja wa Kisovyeti alitengeneza filamu mbili za mwisho bila Artemyev na bila muziki mpya uliotungwa kwa ajili yake. Naamini alikuwa ameshajifunza kwa mtunzi wake jinsi ya kuishi bila mtunzi.

SWALI: Mtunzi huitwa lini? Nilidhani anaanza kazi filamu ikishakamilika.
Msomaji anayejifunza uongozaji

JIBU: Kwa kawaida ndivyo ilivyo. Filamu huhaririwa kwanza, kisha mwongozaji na mtunzi hukaa pamoja kuamua muziki uingie wapi na utoke wapi, na mtunzi hupewa wiki chache za kutunga na kurekodi. Ushirikiano wa muda mrefu una faida ya kuuvunja utaratibu huo. Eleni Karaindrou alimtungia Theo Angelopoulos, mwongozaji wa Ugiriki, muziki wa filamu nane kuanzia mwaka 1984 hadi 2008, ikiwamo "Mia aioniotita kai mia mera" iliyoshinda tuzo kuu ya tamasha la Cannes mwaka 1998. Angelopoulos alipiga picha ndefu mno zisizokatwa, na muziki wake ulihitaji kuwa na subira ileile. Subira hiyo ni vigumu kuibandika baada ya uhariri. Krzysztof Kieślowski wa Poland naye alitaka muziki wa Zbigniew Preisner uwepo kabla ya kamera kuwashwa kwa filamu yake ya mwaka 1993 inayohusu mjane wa mtunzi wa muziki, kwa sababu hadithi yenyewe ilisimama juu ya muziki huo.

Kuhusu uongozaji wako, usisubiri kumpata mtunzi mashuhuri. Djibril Diop Mambéty wa Senegal alipotengeneza "Hyènes" mwaka 1992, muziki aliufanya ndugu yake, Wasis Diop. Claire Denis wa Ufaransa alimwita mpiga piano Abdullah Ibrahim kwa filamu yake ya kwanza mwaka 1988, na kuanzia mwaka 1996 amekuwa akirudi mara kwa mara kwa Tindersticks, bendi ya Uingereza ambayo haikuwa imejijengea jina katika muziki wa filamu. Mtafute mtu unayeweza kubishana naye, na umpe muswada wa filamu kabla hujachagua waigizaji.