Kabla ya Kumpelekea Fundi Simu ya Nyumbani Isiyo na Waya

Kwetu Migosi, mjini Kisumu, simu ya nyumbani haijastaafu. Mama, ambaye vidole vyake vimekakamaa kwa baridi yabisi, hana subira na simu za kugusa kioo. Anataka vitufe vikubwa, na anataka simu anayoweza kutembea nayo hadi jikoni. Kwa sababu hiyo nimekuwa fundi wa lazima wa simu isiyo na waya kwa miaka kadhaa, na nimeona kwamba simu inayodaiwa kufa mara nyingi ni nzima, ila kuna kitu kidogo pembeni yake kilichoharibika.

Kifaa ninachokithamini kuliko bisibisi ni simu ya zamani yenye waya, niliyoinunua soko la Kibuye kwa bei ya mtumba. Mlio wa laini unapokosekana, ninachomoa waya wa laini kwenye kitako cha simu ya Mama, yaani kile kikalio ambacho simu hukaa ikichajiwa na ambacho huiunganisha na laini, ninauchomeka kwenye hiyo ya zamani na kusikiliza. Ikiwa nayo iko kimya, tatizo liko kwenye laini au kwenye kisanduku cha intaneti kinachoitoa, na hakuna haja ya kufungua chochote. Ikilia vizuri, ninaanza kushuku kitako, adapta na betri. Jaribio hilo halichukui dakika mbili, nami nililijua baada ya kumlipa fundi aliyebadilisha vipuri vya ndani ilhali waya wa laini ulikuwa umetafunwa na panya nyuma ya kabati.

Betri ndizo zinazosumbua zaidi. Simu nyingi za aina hii hutumia betri mbili za kuchajika za ukubwa wa AAA, zenye nikeli ndani yake, kila moja ikiwa na voliti 1.2, nazo huchoka baada ya miaka michache. Dalili yake ni kwamba kioo huonyesha chaji imejaa unapoinyanyua simu kutoka kwenye kitako, kisha inazimika kabla hamjamaliza kusalimiana. Badilisha zote mbili kwa pamoja, na usikubali kuuziwa betri za kawaida za tochi za voliti 1.5 kwa hoja kwamba zinaingia sawasawa. Zinaingia, ndiyo, lakini hazikuundwa kuchajiwa, na zikirudishiwa umeme zinaweza kuvuja au hata kupasuka. Mpwa wangu alizitia kwa nia njema. Nilitumia asubuhi nzima kusafisha springi kwa pamba iliyochovywa kwenye siki. Betri mpya ziache kwenye kitako kwa muda wa saa 14 hadi 16 kabla ya kuzitumia mara ya kwanza. Hata hivyo, kabla ya kununua, chomoa adapta na usugue vile vibati vya kuchajia kwa kifutio cha penseli, kwa maana mafuta ya jikoni na vumbi hutosha kuzuia chaji isipite.

Adapta nayo ina hadithi yake. Ndugu yetu aliyeko Marekani alituletea simu nzuri sana, nasi tukaichomeka bila kusoma maandishi madogo: adapta ilikuwa ya voliti 120, umeme wetu ni voliti 240, na harufu ya kuungua ilitufikia kabla ya mlio wa laini. Anayetafuta adapta mbadala ahakikishe kwamba voliti zinazotoka, aina ya mkondo na upande wa chanya vinalingana na yaliyoandikwa kwenye kitako, na kwamba ampea si pungufu. Kwa simu ile, hata adapta sahihi isingetosha, kwani simu za Marekani za aina hiyo hutumia masafa ya megahezi 1920 hadi 1930, ambayo huku yamo katika mawimbi ya simu za mkononi. Zile za Ulaya hutumia 1880 hadi 1900.

Kelele za mkwaruzo hutokana zaidi na mahali kitako kilipowekwa. Simu za gigahezi 2.4 hugombania mawimbi na Wi-Fi na tanuri la maikrowevu, na kuta za zege au friji hupunguza umbali kwa simu yoyote. Cha kwetu nilikisogeza mita mbili tu kutoka kwenye kisanduku cha intaneti, kelele zikaisha. Kioo kikionyesha kwamba simu inatafuta kitako chake, isajili upya: bonyeza na ushikilie kitufe cha kitako kwa sekunde kadhaa, kisha uchague usajili kwenye menyu ya simu.

Radi za upande huu wa ziwa hazina mchezo. Mawingu yakianza kutanda, ninachomoa adapta na waya wa laini pia, kwa sababu radi huweza kuingia kupitia njia zote mbili. Stima ikipotea, kitako huzimika hata kama simu imejaa chaji, na kwa kuwa laini yetu inatoka kwenye kisanduku cha intaneti, ile ya Kibuye nayo hunyamaza. Kwa saa hizo Mama ana simu ndogo ya mkononi yenye vitufe, ambayo huitaja kwa dharau na kuiweka chini ya mto.