Maswali Yenu: Hema, Watoto na Viboko wa Naivasha

Shule zinakaribia kufungwa, na barua nyingi mwezi huu zinauliza kuhusu Ziwa Naivasha na mbuga ya Hell's Gate iliyo jirani yake. Tumechagua tano.

Tutalala hemani usiku mbili mwezi wa Agosti: watu wazima wawili na watoto wa miaka 4, 7 na 11. Hatujawahi kulala nje. Tuna blanketi moja moja kwa kila mtu na godoro la kujaza upepo. Vitatosha? — Mama, Thika

Havitatosha, mama. Naivasha iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,880, na usiku wa Julai na Agosti joto hushuka hadi nyuzi 10 au chini yake. Mnaweza kulala vizuri hadi saa nane, halafu kuanzia saa kumi alfajiri kila mtu anatetemeka.

Baridi hiyo haitoki juu, inatoka ardhini. Godoro la upepo ndilo baya zaidi, maana hewa iliyomo inapoa pamoja na udongo na unakuwa kama umelala juu ya maji baridi. Tandika hivi: turubai, kisha mkeka, kisha godoro la sponji la sentimita 5, kisha blanketi zito, ndipo mtu alale. Kama godoro la upepo ndilo mlilo nalo, weka blanketi mbili juu yake kabla ya kufikiria za kujifunika. Kila mtoto avae kofia ya sufu na soksi kavu, na asilale na nguo alizoshinda nazo akicheza. Zina jasho hata kama zinaonekana kavu.

Hema lililoandikwa "watu 4" maana yake ni watu wanne waliobanana bega kwa bega, bila begi hata moja. Ninyi watano mnahitaji la watu 6 au 8. Kama ni la kukodi, lisimamishe uani kwenu kwanza na uhesabu fito na vigingi, kwa sababu ufito mmoja uliopotea hugunduliwa jioni, giza likiingia.

Udongo wa huko ni jivu la volkano, mwepesi kama unga. Vile vigingi vya sentimita 15 vinavyokuja na hema hung'oka upepo wa alasiri ukianza. Tafuta vya sentimita 25 hadi 30, uvipigilie kwa mshazari, kichwa kikiinamia mbali na hema. Kikiendelea kulegea, jaza mchanga kwenye mfuko wa nailoni, ufunge kamba, uuzike futi moja chini. Hautoki. Turubai la chini nalo likunjwe lisichungulie nje ya hema. Likijitokeza hata kwa kiganja kimoja, mvua inateremka kwenye kuta za hema, inakusanyika juu ya turubai na kuingia chini ya watoto.

Asubuhi mtakuta matone upande wa ndani. Hema halivuji, hizo ni pumzi zenu. Watu huogopa baridi, wakafunga kila tundu, pumzi zikageuka maji na blanketi zikalowa, na blanketi lililolowa ni baridi kuliko kukosa blanketi. Acha matundu ya juu wazi usiku kucha.

Na jambo moja halina mjadala: jiko la makaa lisiingie hemani, hata kwa dakika kumi, hata likiwa limefunikwa na jivu na linaonekana limezimika. Makaa yanayofifia bado yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi, na aliyelala hapati nafasi ya kuamka. Badala yake jaza maji ya moto (yasiwe yanatokota) kwenye chupa ya mpira ya kukandia, ifunge kwa taulo, uiweke miguuni pa mtoto.

Kambi tuliyochagua iko ukingoni mwa ziwa na ina waya wa umeme wa kuzuia viboko. Mtoto akitaka kwenda choo usiku tufanyeje? — Baba, Ruiru

Asiende. Beba ndoo yenye kifuniko, iwekwe kwenye kibaraza cha hema, ioshwe asubuhi. Si anasa hiyo, ndiyo njia ya kukata safari tatu au nne za gizani kila usiku.

Kiboko hutoka majini giza likiingia, hula nyasi usiku, na kurudi kabla hakujapambazuka. Waya husaidia, lakini uliza maswali mawili unapofika: unawashwa saa ngapi, na stima ikipotea unaendelea kufanya kazi? Mhudumu akisitasita, sogeza hema karibu na jengo la choo, mbali na maji.

Kabla ya kupigilia kigingi cha kwanza, angalia nyasi. Njia ya kiboko haifanani na ya ng'ombe. Miguu yake imeachana sana, kwa hiyo anaacha mifereji miwili inayokwenda sambamba, na katikati tuta la nyasi ambazo hazijakanyagwa, kama alama za magurudumu ya gari dogo. Pembeni utaona kinyesi kimetapakaa juu ya vichaka, kwa sababu hukitawanya kwa mkia. Ukiona alama hizo, hapo si mahali pa hema hata kama mandhari yake inapendeza namna gani.

Ukilazimika kutoka, mtu mzima atangulie, amulike nyasi kwanza kisha njia. Ukikutana naye usimpigie kelele wala kumrushia jiwe. Jambo la kwanza ni kujua maji yako upande gani, maana aliyesimama kati ya kiboko na ziwa ndiye hushambuliwa. Rudi nyuma taratibu hadi nyuma ya gari au mti mnene. Kukimbia kwenye uwanda si dawa, kwani mnyama huyo mwenye uzito wa tani moja na nusu au zaidi hufikia kilomita 30 kwa saa.

Mchana, mpira uchezwe mbali na mafunjo, na saa kumi na mbili jioni watoto wote wawe karibu na moto.

Sisi wa Mwanza tumezoea ziwa. Je, watoto wanaweza kuogelea Naivasha? Na mashua zake ni salama? — Msomaji, Mwanza

Kuogelea, hapana. Naivasha haina mamba, na hilo ndilo linalowalaghai wageni: maji ni baridi, yametulia asubuhi, hayana chumvi, na hakuna mtu aliyemo. Hakuna aliyemo kwa sababu ya viboko, ambao mchana hujificha kwenye maji ya kina kifupi, hapo hapo ambapo mtoto angetaka kuingia. Huko kwenu mnaonywa kuhusu kichocho; hapa hofu ya kwanza ni mnyama mwenyewe. Kama watoto wanataka maji, tafuteni kambi yenye bwawa la kuogelea.

Mashua ni jambo jingine, nayo ni raha, ila saa ndiyo inayoamua. Jina Naivasha limetokana na neno la Kimaasai linalohusu maji yanayochafuka, na Wamaasai hawakukosea. Asubuhi ziwa ni kama kioo. Baada ya chakula cha mchana upepo huanza na mawimbi mafupi ya haraka humwagika ndani ya mashua ya plastiki. Pandeni kati ya saa moja na saa nne asubuhi. Nahodha akisema saa tisa alasiri ni sawa kwa sababu amepata nafasi hapo, mwambieni mtarudi kesho.

Jaketi la kuokolea la mtoto lijaribiwe nchi kavu. Lifunge vifungo vyote, kisha lishike mabegani ulivute juu. Likipita masikio, ni kubwa, na majini mtoto atateleza na kutoka kwa chini. Kwa mtoto wa chini ya miaka 6 dai lenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Wengi watakuletea la mtu mzima na kusema "tutamkaza". Halikaziki.

Maji ya ziwa yamepanda sana tangu mwaka 2010 hivi. Migunga iliyokuwa kando ya ufuo sasa imesimama majini, imekufa, na mnandi wametua juu ya matawi yake meupe. Nahodha asipite katikati ya miti hiyo kwa kasi: visiki vilivyozama havionekani. Kwa sababu hiyo hiyo, piga simu kambini kabla ya kulipa uulize kama uwanja wa hema bado upo. Picha za zamani zinaonyesha nyasi mahali ambapo leo pana maji.

Tunataka kuingia Hell's Gate kwa baiskeli na watoto wa miaka 8 na 12. Hatuna gari. Na lile bonde jembamba tunaweza kushuka nao? — Familia, Nakuru

Baiskeli, naam. Ni mojawapo ya mbuga chache za Kenya ambako mgeni anaruhusiwa kutembea na kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga. Kutoka mjini Naivasha pandeni matatu za Kongoni, mwambieni makanga awashushe njia panda ya Hell's Gate. Baiskeli hukodishwa hapo hapo, na lango la Elsa liko karibu kilomita 2 mbele.

Kabla ya kutoa pesa: binya breki zote mbili huku ukiisukuma baiskeli, gurudumu lisimame kabisa. Zungusha pedeli nyuma, mnyororo usiruke. Teremsha kiti hadi mtoto aguse chini kwa ncha za vidole. Uliza pampu na viraka, kwa kuwa miiba ya migunga haina huruma na tyubu. Mtoto wa miaka 8 akikosa baiskeli ya kimo chake, msimlazimishe kwenye ya mtu mzima.

Kutoka langoni hadi kituo cha askari karibu na bonde ni kama kilomita 8, na kwenda ni rahisi kwa sababu njia inainama. Familia huchoka wakati wa kurudi: mlima kidogo, upepo usoni, vumbi, jua la saa saba. Ingieni saa moja asubuhi, kila mtu na lita 2 za maji, mgeuze kabla ya saa tano. Pumzikeni Fischer's Tower, ule mnara wa mwamba wa mita 25 hivi, ambapo pimbi watawafanya watoto wasahau kuchoka (msiwalishe). Mkiona nyati, shukeni, mkae kwa kundi na msubiri gari lipite kati yenu na nyati.

Bonde ni jambo zito. Kuta zake zimebanana, na mvua ikinyesha juu kwenye miinuko, maji hufika kwa dakika chache hata kama juu yenu jua linawaka. Mafuriko ya namna hiyo yaliua watu mwaka 2012, na tena 2019. Ulizeni langoni kama pamefunguliwa. Pakifungwa msikubali kijana anayejua "njia nyingine". Pakifunguliwa, shukeni na mwongozaji tu, na mkiona wingu jeusi upande wowote, rudini. Chemchemi za humo zinaunguza kweli. Mtoto asiguse maji yanayochuruzika ukutani hadi mwongozaji aseme.

Tubebe chakula na maji kiasi gani? — Dada, Kitengela

Maji: lita 4 kwa mtu kwa siku, ya kunywa na kupikia. Watu watano kwa siku tatu ni lita 60, yaani mitungi mitatu ya lita 20. Msitegemee bomba la kambi kwa kunywa. Maji mengi ya visima vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, na kuchemsha hakuipunguzi. Siku tatu hazitaharibu meno ya mtu, lakini maziwa ya unga ya mtoto mchanga yachanganywe na maji mliyobeba.

Maharagwe yapikeni nyumbani, myagandishe. Kwenye mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo maharagwe makavu yatakula muda na gesi nyingi kabla hayajalainika. Ugali, mayai na samaki wa kukaanga wanaouzwa Kamere, ufuo wa wavuvi kando ya ziwa, hivyo haviwasumbui.

Chakula chote kifungiwe ndani ya gari au ndoo ya kifuniko cha kuzungusha, kamwe si hemani. Tumbili anajua zipu.