Bunge la Kerala: wabunge 127, 140 au 141?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naandika tasnifu kuhusu mabunge ya majimbo ya India na nimekwama kwenye Kerala. Kitabu kimoja kinasema wabunge ni 140, kingine 141. Kwa bunge la kwanza la 1957 naona maeneobunge 114 lakini wabunge 127. Isitoshe, uchaguzi wa 1967 ulikuwa wa nne tangu Kerala iundwe, lakini bunge lake linaitwa la tatu. Nifuate lipi?

Jibu: Marahaba. Hakuna kitabu kilichokupotosha. Takwimu zote ulizotaja ni sahihi, ila kila moja ina wakati wake na sheria yake.

Tuanze na 1957, maana ndipo penye mambo. Kerala iliundwa tarehe 1 Novemba 1956, pale India ilipochora upya mipaka ya majimbo yake kwa kufuata lugha. Wasemaji wa Kimalayalam wa Travancore na Cochin, zilizokuwa falme, wakaunganishwa na wenzao wa Malabar, iliyokuwa chini ya jimbo la Madras. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika katika maeneobunge 114. Kati ya hayo, 102 yalitoa mbunge mmoja mmoja, na 12 yalitoa wawili wawili. Ukijumlisha unapata 126.

Maeneobunge ya wabunge wawili yaliwekwa kwa ajili ya jamii ambazo katiba inazilinda: matabaka yaliyobaguliwa kwa vizazi, ambayo wengi wao leo hujiita Dalit, na makabila ya asili. Kila mpigakura alikuwa na kura mbili, na hakuruhusiwa kumpa mgombea mmoja zote mbili. Wakati wa kuhesabu, mgombea wa jamii inayolindwa aliyeongoza wenzake alipewa kiti kilichotengwa. Baada ya hapo, wagombea wote waliobaki, wakiwemo wa jamii hiyohiyo, walishindania kiti cha pili. Usiufananishe mfumo huu na uchaguzi wa kura tatu wa Tanganyika wa 1958, ambapo kila rangi ilikuwa na kiti chake. Kule India kiti cha pili kilikuwa cha yeyote.

Neno hilo "yeyote" lilimgharimu V. V. Giri, aliyewahi kuwa waziri wa kazi wa India. Mwaka 1957 aligombea bunge la taifa kule Parvatipuram, Andhra Pradesh, katika eneobunge la namna hii. Wagombea wawili wa makabila wakanyakua viti vyote viwili, yeye akabaki nje. Alifika hadi Mahakama ya Juu, nayo mwaka 1959 ikaamua kwamba sheria ilifuatwa sawasawa. Kwa maoni yangu mahakama ilisema kweli: kiti kilichotengwa ni kiwango cha chini cha uwakilishi, si dari. Hata hivyo wanasiasa hawakuupenda mfumo huo, na mwaka 1961 bunge la India likaufuta kwa sheria. Giri wakati huo alikuwa gavana wa Kerala, na baadaye akawa rais wa India. Tangu hapo eneobunge lililotengwa huwa na mbunge mmoja tu, na ni watu wa jamii husika pekee wanaoruhusiwa kugombea. Kerala leo ina 14 ya matabaka hayo na mawili ya makabila, Mananthavady na Sulthan Bathery, yote wilayani Wayanad.

Sasa yule wa 127. Ibara ya 333 ya katiba ilimruhusu gavana kuteua mbunge wa jamii ya Waanglo-Indian, yaani wazaliwa wa India wenye asili ya Ulaya kwa upande wa baba, akiona hawana uwakilishi wa kutosha. Usimdharau mteule huyo. Mwaka 1957 chama cha kikomunisti kilipata viti 60, na kwa msaada wa wabunge huru watano E. M. S. Namboodiripad akaunda serikali. Yaani 65 katika bunge la 127. Hapo kila kiti kina uzito. Serikali hiyo ilifutwa na serikali kuu tarehe 31 Julai 1959.

Idadi ya wabunge wa kuchaguliwa ilipanda hadi 133 mwaka 1965, kisha 140 mwaka 1977. Ukiongeza mteule unapata 141. Mteule alipiga kura bungeni kama wenzake, lakini hakushiriki kumchagua rais wa India, kwa sababu kura hiyo ni ya wabunge waliochaguliwa tu. Fanya hesabu mwenyewe: watu 21,347,375 wa sensa ya 1971, gawanya kwa 140, kisha kwa 1,000. Utapata 152, na ndiyo thamani ya kura ya mbunge mmoja wa Kerala katika uchaguzi wa rais. Ukitumia 141 utapata 151, na utakuwa umekosea.

Uteuzi huo ulikoma Januari 2020 kwa marekebisho ya 104 ya katiba. Lakini angalia hapa, maana wengi hujikwaa: katiba ililinda nafasi zilizokwisha kujazwa hadi bunge lililokuwepo livunjwe. Kwa hiyo Kerala ilibaki na 141 hadi 2021. Usiandike 140 kwa mwaka 2020.

Kuhusu hesabu ya mabunge, uchaguzi wa Machi 1965 haukumpa mtu wingi wa viti, na baadhi ya walioshinda walikuwa kizuizini. Serikali haikuundwa, na bunge likavunjwa kabla halijakutana hata siku moja. Ndiyo maana lile la 1967 linaitwa la tatu. Katika jedwali lako, weka safu moja ya chaguzi na nyingine ya mabunge. Wabunge waliochaguliwa nao uwatenge na wa kuteuliwa.

Idadi ya 140 haijabadilika tangu 1977 kwa sababu katiba imeifunga. Mipaka ya maeneobunge ilichorwa upya mwaka 2008, lakini idadi yenyewe haiguswi hadi zitoke takwimu za sensa ya kwanza itakayofanyika baada ya 2026.