Vitabu vya kuanzia kwa anayetaka kuisoma nadharia ya ujamaa

Ndugu wanaojiunga na kikundi chetu cha usomaji hapa Dodoma huwa na hamu ya kuanza na Das Kapital, kitabu kikubwa cha Karl Marx kuhusu mtaji na ubepari, na wengi wao huiacha kabla ya kumaliza sura ya kwanza. Ushauri wangu ni kwamba anzeni na Azimio la Arusha la mwaka 1967, kwa kuwa ni fupi, limeandikwa kwa lugha yetu, na madai yake mnaweza kuyapima kwa macho yenu wenyewe.

Sehemu yake ya tatu, inayohusu siasa ya kujitegemea, isomeni polepole kuliko nyingine zote. Humo imo hoja ambayo wasomaji wengi huipita juu juu: mikopo ya nje hutumika zaidi mijini, ilhali fedha za kigeni za kuilipa hutokana zaidi na jasho la mkulima, hivyo watu wa mjini, hata wasipokuwa mabepari, wanaweza kugeuka wanyonyaji wa watu wa vijijini. Anayeisoma hoja hiyo akiwa Dodoma, ambako kutoka majengo ya wizara pale Mtumba hadi mashamba ya uwele na mtama si safari ndefu, hawezi kuichukulia kuwa ya darasani tu.

Baada ya hapo chukueni Ujamaa Vijijini, andiko la Nyerere la mwaka huohuo, na mwangalie anavyosisitiza kwamba vijiji vya ujamaa haviwezi kuundwa kwa kuwalazimisha watu. Kisha mtafuteni mzee aliyehamishwa katika Operesheni Dodoma, kampeni ya serikali ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwamkieni kwa heshima (kwa Wagogo, "mbukwenyi" hufungua milango mingi), na mwulizeni alivyohama. Ikumbukwe pia kwamba mwishoni mwa mwaka 1973 kuishi vijijini kulitangazwa kuwa amri kwa nchi nzima. Namna andiko lilivyoachana na utekelezaji wake ni somo la nadharia kamili, nami naliona kuwa na faida kuliko muhtasari wowote wa itikadi.

Hapo ndipo mtakapokuwa tayari kusoma maandiko mawili yanayopingana. Katika kijitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu ujamaa, Nyerere anadai kwamba jamii za jadi za Kiafrika hazikuwa na matabaka, kwa hiyo ujamaa wetu hauhitaji kuzaliwa na mapambano ya kitabaka. Marx na Engels, katika Ilani ya Chama cha Kikomunisti ya mwaka 1848, wanaanza na mapambano hayohayo kama kiini cha historia. Sehemu ya tatu ya Ilani, inayobishana na wajamaa wa zama zao, inaweza kurukwa mara ya kwanza. Kitabu cha Issa Shivji cha mwaka 1976 kuhusu mapambano ya kitabaka Tanzania kitafuata vizuri, kwa sababu kinayatafuta matabaka hayo ndani ya dola yetu wenyewe, ingawa Kiingereza chake ni kizito na ni afadhali kukisoma wawili wawili.

Das Kapital na ije mwisho, wala si lazima kuanzia ukurasa wa kwanza. Mwaka 1867 Marx mwenyewe, akimwandikia rafiki yake Kugelmann, alipendekeza mke wa rafiki huyo aanze na sura za siku ya kazi, za ushirikiano na mashine, na za ulimbikizaji wa awali wa mtaji.